Kuku wa Kumkomboa Tadei

Temeke, Alhamisi jioni

Mwanangu Otilia,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko chumbani, unakunja nguo, na mama yako anazikunjua na kuzikunja upya kwa namna yake. Nawasikia mnavyobishana juu ya sweta. Mimi niko hapa uani kwenye benchi ya kazi, nimesogeza randa na misumeno pembeni, nimeweka kandili mahali pake. Mwili wangu ni mzima. Mengine yamo humu.

Utashangaa baba yako kukuandikia wakati ukuta mmoja tu unatutenga. Sababu ni huu ulimi wangu. Nikija kuketi nawe nitaanza kutania, utacheka kwa heshima, kesho utapanda treni, na nilichotaka kusema kitabaki kooni. Karatasi haina uso wa kuchekeshwa. Ndiyo maana nimekumbuka hati niliyofundishwa na mabruda kule Songea kabla hawajanipa nyundo.

Mambo ya njiani sitayagusa. Mama yako amekwisha kukwambia juu ya maji ya kuchemsha na baridi ya milimani. Katekista amekueleza habari za Kigoma, na meli ya kuvuka ziwa, na masista wa Kibelgiji watakaowapokea wewe na wenzako wa parokia huko Urundi, na nyumba ya yatima mtakakojitolea mwaka mzima. Sanduku nimekutengenezea la mninga, halitapasuka. Hayo yanatosha.

Nataka tuzungumze habari ya Jumapili iliyopita.

Misa ilikuwa imekwisha, majirani wamejaa hapa uani, mama yako amepika pilau. Ukaja mbele yangu ukapiga magoti juu ya vumbi la mbao ukasema, "Baba, naomba radhi yako." Mzee Komba akavua kofia. Ilikuwa saa yangu, mwanangu, saa ambayo baba huingoja maisha yake yote. Nami nikasema nini? Nikasema, "Radhi ya nini tena? Nimeshakuuza kwa Wabelgiji, nangoja mbuzi wangu tu." Uani kote kicheko. Mzee Komba alicheka mpaka akaangusha kofia. Wewe ukainua uso ukaniuliza polepole, "Baba, hata leo?" Ukanyanyuka, ukaenda kumsaidia mama yako kuosha sahani.

Maneno hayo mawili nimelala nayo tangu siku hiyo. Hata leo. Ndiyo, mwanangu, hata leo, na hata siku nyingine iliyokuwa mbaya kuliko hiyo, ambayo unaikumbuka nusu. Nusu nyingine nilikuficha.

Unajua Mngoni hawezi kuishi bila mtani. Mimi mtani wangu alikuwa marehemu Kalinga, Mhehe wa Iringa, kuli wa bandarini, wakati ule tunakaa Keko kabla hatujapata nyumba hii. Alikuwa na bega la kushoto lililopanda juu kwa sababu ya kubeba magunia, akitembea utadhani anasikiliza jambo kwa sikio lile. Kila tulipokutana vita vya babu zetu vilianza upya. Yeye alidai babu zake waliwakimbiza babu zangu mpaka mtoni. Mimi nilidai babu zangu walichoka tu kuwafukuza watu wanaokimbia kwa kasi namna ile. Mkewe alikufa alipokuwa akijifungua, akamwachia Tadei. Mtoto huyo alikuwa mkubwa kwako kidogo. Mlicheza pamoja, mkagombana pamoja, na alikuwa ananiita "mtani" kwa kumwiga baba yake, jambo lililonichekesha sana.

Kalinga akafa. Gunia lilimwangukia, akaugua kidogo, akafa. Jeneza lake nililitengeneza mimi. Na kwa kuwa ndugu zake wote walikuwa mbali, Iringa, msiba ulishikwa na makuli wenzake pamoja na sisi majirani. Watani tulikuwa wachache, na mkubwa wao nilikuwa mimi.

Kazi ya mtani msibani unaijua. Wafiwa wanalia, mtani anachekesha. Basi nilivaa koti la Kalinga, nikapandisha bega, nikatembea uwanjani kama yeye nikiwagombeza watu kwa sauti yake. Wanawake waliokuwa wakilia walishika mbavu. Mpaka leo sijuti kwa hilo. Kalinga mwenyewe angenifanyia vilevile, tena vizuri zaidi.

Halafu nikamshika Tadei mkono. Nikamwinua mbele ya watu wote nikapiga kelele, "Mhehe huyu ametoroka na vita yangu haijaisha! Basi namteka mwanawe. Kuanzia leo huyu ni wangu!"

Nawe unajua desturi. Mtani akikamata kitu msibani, kiwe jembe, kiwe sufuria, ni chake mpaka wafiwa wamkomboe. Wataleta kitu kidogo, mtani atakiachia, watu watacheka, na uzito wa msiba utapungua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Makuli wakachangishana, wakaniletea jogoo mwekundu. Nikampokea, nikamwachia mtoto mkono, mchezo ukaisha.

Ila Tadei alizaliwa mjini. Hakuwa na mama wala bibi wa kumweleza mambo haya. Nilipomshika mkono alikuwa analia kwa kwikwi, na niliposema "huyu ni wangu" akanyamaza palepale. Moyoni nikajisifu, nikasema tazama, nimemliwaza mtoto. Sikujua kwamba alinyamaza kwa sababu aliniamini.

Baada ya matanga mama yako alimpika yule jogoo. Tumekaa chini, wewe na kaka zako mmezunguka sinia, mlango ukabishwa. Ulifungua wewe. Ukasema, "Baba, Tadei kaja na mkeka."

Alikuwa amesimama pale kizingitini, mkeka umekunjwa kwapani, ameoga, nywele amezilowesha na kuzichana. Hakuniita mtani. Alisema, "Shikamoo, baba. Nimekuja."

Otilia, wewe ulikwisha kuanza kusogea umpe nafasi. Nakumbuka ulivyovuta gauni lako ili asilikalie. Ungeachiwa wewe mambo yangekwisha hapo, angekula, angelala, na barua hii isingekuwapo.

Mimi nilicheka. Nilikuwa na paja la kuku mkononi, nikalinyanyua nikamwonyesha, nikasema, "Kijana, ule ulikuwa utani! Umeshakombolewa wewe. Kuku wako si huyu hapa?"

Alitazama lile paja, akatazama sinia. Halafu akaniuliza, bila hasira wala machozi, "Sasa mie ni wa nani?"

Nikamwambia yeye ni wa Wahehe wenzake. Nikanawa mikono, nikamshika bega nikamrudisha mpaka kwenye chumba cha marehemu, ambamo sasa alikaa kuli mmoja rafiki ya baba yake. Njiani nilimtania ili asinune. Niliporudi mama yako alikuwa amefunika chakula, hakuna aliyekula. Akaniambia neno moja tu, "Baba Otilia, mtoto hana mtani." Nikamwambia asikuze mambo.

Siku zilizofuata Tadei alipita mbele ya nyumba kila asubuhi. Alisimama penye ua wa makuti, akasema, "Shikamoo, mzee," nami nikaitikia marahaba bila kuacha kazi. Alisema mzee tu. Lile neno baba hakulirudia tena. Kisha asubuhi moja hakupita, na ya pili hakupita, nikaenda kumuuliza yule kuli. Kuli akanishangaa. "Nilidhani yuko kwako," akasema. "Si wewe ndiye uliyemteka? Kaniambia anakwenda kwa baba yake wa Kingoni, nikasema haya, mtani kaona aibu, kamchukua kweli."

Basi ndivyo mtoto alivyopotea, katikati ya watu wazima wawili, kila mmoja akidhani yuko kwa mwenzake. Nilimtafuta sokoni. Nilifika stesheni, nikauliza watu waliouza karanga. Alasiri moja tu, mwanangu. Kesho yake nilikuwa na kitanda cha mtu cha kumalizia, nikajiambia watoto wa mjini hawapotei, lazima amekwenda kwao na lori la mtu. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini, au nikajifanya naamini.

Wewe ukaanza kuuliza. Tadei yuko wapi? Mbona haji? Ndipo nikamzaa mjomba.

Nilikwambia mjomba wake amekuja kutoka Iringa, mtu mnene, amemchukua. Ulipouliza mjomba ana nini, nikasema ana ng'ombe. Wangapi? Wengi, tena akikoroma usiku ng'ombe wote wanaitikia wakidhani ni dume. Ulicheka sana hiyo. Kila ulipokumbuka kumuulizia Tadei nilimwongezea mjomba kitu, mara kofia, mara shamba la mahindi, mpaka akawa tajiri kuliko watu wote ninaowajua. Nawe jioni ulipopiga magoti kusali ulimaliza hivi, "Umbariki na Tadei, na mjomba wake, na ng'ombe wao." Mimi na mama yako tulisema amina. Yeye aliisema chini chini. Mimi niliisema kwa sauti.

Otilia, mjomba hakuwapo. Hapakuwa na lori, hapakuwa na ng'ombe. Sijui Tadei alikwenda wapi, sijui alilala wapi, wala sijui kama yu hai.

Nimeandika mstari huo nikasimama, nikazunguka benchi, nikarudi. Nisamehe kama hati imepinda.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Lakini katekista alipokuuliza mbele ya parokia kwa nini unataka kwenda kwa yatima wa Urundi, ulimjibu, "Nyumbani kwetu Keko kulikuwa na mtoto yatima, Tadei. Yeye Mungu alimpa mjomba. Nawafikiria wale wasio na mjomba." Watu wakasema ehee, mtoto huyu kalelewa vizuri. Wakanigeukia mimi kunipongeza. Mzee Komba alinipa mkono, na huo mkono nikaupokea. Tulipofika nyumbani mama yako hakupika kwanza. Alisema, "Miaka yote nimekustahi. Lakini mtoto hawezi kuvuka ziwa akisukumwa na uongo wako. Mwambie kabla hajapanda treni, au nitamwambia mie."

Kwa hiyo usimlaumu yeye. Alinyamaza kwa ajili yangu na kunyamaza huko kumemzeesha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumpokea. Ningependa kusema tulikuwa maskini, lakini siku ile tulikuwa tunakula kuku. Nafasi ilikuwapo, wewe uliionyesha kwa kuvuta gauni lako tu. Nadhani ni hivi. Pale msibani nilikuwa na watu wengi wananitazama, wananipenda, wanasema bila Ngonyani msiba huu ungetushinda. Kumnyanyua mtoto mbele ya watu ni kazi nyepesi. Alipokuja mlangoni hapakuwa na wa kutazama. Palikuwa na mtoto na mkeka wake, na mtu mwenye mafuta ya kuku vidoleni. Hapo ndipo nilipotakiwa, na hapo ndipo nilipocheka.

Nakwambia haya si kwa sababu nadhani u kama mimi. Umefanana na mama yako, namshukuru Mungu. Lakini umeanza kushangiliwa, nami naijua ladha yake. Kesho stesheni kwaya itaimba. Watu watawashika mikono, watawaita mashujaa wa imani. Imbeni nao, si dhambi. Ila ujue kwamba mtoto atakayekuhitaji hatakuja wakati kwaya inaimba. Atakuja umechoka, una usingizi, pengine unakula. Utatamani kumwambia neno la kuchekesha ili aondoke akitabasamu.

Na maneno yako uyachunge, mama. Watoto hao wanasikiliza kuliko tunavyodhani. Mtu aliyefiwa na watu wake wote husikiliza neno kama "wako" au "wangu" kwa namna ambayo sisi hatuijui. Ukimwambia mmoja "wewe ni wangu" ili tu anyamaze kulia, atanyamaza, nawe utadhani umefanya kazi nzuri. Atakwenda kukunja mkeka. Watakuuliza utakaa mpaka lini. Waambie mwaka mmoja, hata kama watalia. Kilio cha ukweli kina mwisho. Mimi sikumpa Tadei hata kilio hicho, nilimpa kichekesho, na sijui alikifanyia nini huko alikokwenda.

Tazama, nimeanza kuhubiri, na hiyo ni kazi ya katekista.

Treni yenu itapita Dodoma na Tabora. Najua wewe, utatoa kichwa dirishani kila kituo umtafute kijana mwenye uso wa Kalinga. Hata mimi kila nikipeleka mbao bandarini nawatazama vijana wanaobeba magunia, natafuta bega lililopanda. Siku moja nilimfuata mmoja mpaka akanigeukia akaniuliza, "Mzee, unanidai nini?" Nikamwambia nimemfananisha. Sasa ni mtu mzima, Tadei, kama Mungu amemweka. Ningemwona leo nisingejua nimwite nani, maana "mwanangu" nilikataa kumwita, na mtani ni neno ambalo sina haki nalo tena kwake.

Sala yako ya jioni usiiache. Mtoe mjomba, mtoe ng'ombe, umbakize Tadei.

Labda ukimaliza kusoma hutataka kuniona. Nitaelewa. Sanduku nitalibeba mimi mpaka stesheni hata hivyo, kwa sababu ni zito na kaka zako hawajui kulishika. Nikikuona umenyamaza sitakuuliza kitu. Nawe ukiniona nimenyamaza usidhani nimekasirika au naumwa. Ninajaribu. Majirani wataona ajabu, watasema leo Ngonyani kafanywa nini, na Mzee Komba atanichokoza ili nimjibu. Sitamjibu. Na ukiamua kutokwenda, kwa kuwa sababu uliyokuwa nayo nimeivunja, hilo nalo nitalichukua kama haki yangu. Ila nadhani utakwenda. Ulikuwa umesogea kumpa nafasi kabla sijakudanganya lolote, na huo ndio moyo unaokupeleka. Mjomba hatukumhitaji, si mimi wala wewe.

Radhi uliyoiomba Jumapili unayo. Ulikuwa nayo kabla hujapiga magoti, tangu siku ile ya kuvuta gauni. Nenda nayo, ukae nayo, urudi nayo.

Limebaki jambo moja. Usiku ule Tadei aliporudishwa, ulikuja ukasimama karibu na kitanda changu, umejifunga kanga ya mama yako mpaka shingoni. Ukaniuliza, "Na mie, baba? Mie ni wako kweli, au utani?" Nilikwambia nilikuokota bandarini ndani ya gunia la mchele. Ulicheka kidogo, ukaenda kulala. Sikujua kwamba lilikuwa swali. Jumapili uliliuliza tena kwa maneno mawili, na mara hii nimelisikia.

Wewe ni wangu, Otilia. Hakuna kuku wa kukukomboa.

Baba yako